Njia Inayozunguka Nyumba ya Mkwe

Mliobaki pale ofisini mmeniomba niandike nilivyofanya kazi, eti ili msirudie makosa yangu. Makosa yangu ni yangu, tafuteni yenu. Lakini kwa kuwa sasa nashinda nyumbani, jambo nililolitamani tangu siku ya kwanza ya kuajiriwa, nitawaandikia. Habari za vyeo na mishahara sizigusi. Anayezitaka amwulize mhasibu, naye atamdanganya vizuri kuliko mimi.

Mnanijua kama Mama Saru. Kabla ya kuwa mama wa yeyote nilikuwa msichana aliyemaliza kidato cha nne hapa Voi, mwenye alama nzuri ya jiografia, na alama ya hesabu ambayo mama yangu aliifunika kwa kidole gumba kila alipowaonyesha majirani cheti changu. Ofisi ya ramani ilikuwa inatafuta mtu mwenye mkono uliotulia. Mkono wangu ulikuwa umetulia kwa sababu mwili mzima ulikuwa umetulia. Sikuwa mtu wa kwenda popote. Nikaona kazi ya kuchora dunia ukiwa umekaa kitini, karibu na jikoni kwenu, nikajua Mungu ananifahamu kwa jina.

Aliyenipokea ni Mzee Righa, mchoraji mkuu, mtu mrefu aliyeinama mezani miaka mingi mpaka hata akisimama alibaki ameinama. Alinipa kalamu ya wino, karatasi ile ngumu inayopitisha mwanga, na wembe.

"Wembe wa nini, mzee?"

"Wa kukwangua makosa. Kalamu utaitumia asubuhi. Wembe utautumia siku nzima."

Alikuwa mkweli. Wino ule ulikuwa haufutiki. Ukikosea unakwangua polepole kwa ncha ya wembe, na ukizidisha nguvu karatasi inatoboka. Wiki ile ile niliitoboa Mwatate. Nilikaa nikilitazama lile tundu kama mtu aliyeua mji. Mzee Righa akaja, akabandika kiraka kwa nyuma, akapuliza, akasema, "Imepona. Usimwambie mtu wa Mwatate."

Yeye alikuwa na masharti mawili. Mto unauchora kuanzia juu kwenda chini, kama maji yenyewe, kwa sababu ukianzia chini mkono unaanza kubuni. La pili: ukiletewa mchoro wa njia iliyonyooka sana, mwulize aliyeuleta kama ameipita hiyo njia.

"Na wewe mzee, zote hizi umezipita?"

"Mimi nina miguu. Wewe una nini?"

"Mimi nina kiti."

Alicheka mpaka akatia doa la wino kwenye Taveta, akachukua wembe mwenyewe. Alipostaafu aliniachia wembe ule, na kiti.

Nyinyi hamkuziona zile meza za kioo zenye taa chini yake. Kompyuta zilipokuja, meza zilitolewa kupitia dirishani kwa kuwa mlango, ambao ni mwembamba, uliwekwa baada ya meza kuingia, na yangu ikaishia kwenye kibanda cha chakula nje ya geti, inakatiwa sukuma wiki. Siku hiyo hiyo bosi aliniita.

"Mama Saru, kazi ya mkono imekwisha. Chuoni wameanzisha masomo: kompyuta pamoja na jiografia, na ile elimu ya ramani za kompyuta. Ukienda ukifaulu, unabaki hapa. Ukishindwa, kuna nafasi Marsabit. Wao bado wanachora kwa mkono."

"Marsabit, bosi?"

"Ni kuzuri. Kuna baridi, kuna ukungu."

"Ukungu uko Mghange hapo juu, na Mghange kwenyewe sijaenda."

Akaniambia hiyo ndiyo shida yangu. Nikatoka mle ndani nikiwa nimeamua. Wengine husoma ili wafike mbali. Mimi nilisoma ili nisifike.

Darasani nilikuta watoto wa rika la binti yangu, kila mmoja na laptop yake kama simu ya mkononi. Wakanibatiza Mathe, yaani mama kwa lugha yao ya mtaani, kabla sijakaa. Jirani yangu wa dawati aliitwa Kevo, kijana aliyekulia mtaa wa Sofia, mwenye vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi. Mwalimu wetu, Mwalimu Nyambu, alikuwa mdogo kwangu kwa miaka mingi, mzaliwa wa huko huko Mghange nilikokukwepa. Siku ya kwanza alituambia hivi: mtu wa kompyuta anajua kuhesabu lakini hajui wapi; mtu wa jiografia anajua wapi lakini hajui kuhesabu; sisi tungetoka pale tukijua yote mawili.

Nikainua mkono. "Mwalimu, na asiyejua hata moja?"

"Huyo akae mbele, mama."

Nilikaa mbele mpaka mwisho wa masomo.

Sitawadanganya kwamba iliniingia haraka. Jiografia niliielewa kwa sababu nilikuwa nimeichora miaka yote ile. Miinuko, mabonde, mikondo ya mvua, vyote vilikuwa vimepita chini ya kalamu yangu. Kuandika programu ndiko kulikonikondesha. Kompyuta ni kama mtoto aliyenuna: ukimwambia afunge mlango, anaufunga na wewe ukiwa nje. Niliandika amri ya kurudia kazi moja mara chache, nikasahau kuiambia isimame wapi, ikarudia mpaka mashine ikaanza kupumua kama ng'ombe. Kevo alikuja akabonyeza kitu kimoja ikanyamaza. "Mathe, hata kompyuta inaomba ruhusa ya kupumzika." Nikamwambia aondoe mkono, nikaanza upya. Nyumbani Saru, binti yangu, alikuwa akinishikia daftari huku namenya viazi, ananiuliza maswali kama mwalimu wa darasa la kwanza, nikikosa ananiongezea kiazi. Tulikula viazi sana mwaka ule.

Kisha tukapewa vifaa vya GPS, tutembee mjini tuchukue alama za mahali: benki, soko, stesheni ya reli, kila mtu na zake. Mimi nilichukua zangu bila kupita mbali na nyumba yetu. Nilipoziingiza kwenye kompyuta, Voi haikuwepo. Nikasogeza ramani kushoto, kulia. Hakuna. Kevo akaivuta ramani juu, juu, akapita Nairobi kwa upande, akaendelea kupanda, akasimama.

"Mathe, soko letu liko karibu na Sololo."

"Sololo ni wapi?"

"Marsabit. Ukirusha jiwe linaanguka Ethiopia."

Darasa zima lilisimama kuja kuona. Nilikuwa nimesahau kile kistari kidogo kinachoonyesha kwamba sisi tuko kusini mwa ikweta. Bila hicho, kompyuta ilituchukua ikatupandisha kaskazini umbali ule ule. Mimi, ninayeikimbia Marsabit, nilikuwa nimejihamishia huko kwa mkono wangu mwenyewe, na soko, na benki. Mwalimu Nyambu aliniambia angalau nimehama na huduma zote muhimu. Tangu siku hiyo sijasahau kistari. Nyinyi mnaosoma hapa pia msikisahau. Sololo imeshajaa watu wetu.

Mwisho wa masomo kila mwanafunzi alitakiwa kufanya kazi moja ya kweli, na kazi hiyo ndiyo ingemfaulisha au kumwangusha. Niliomba kuchora mtaa wangu. Mwalimu Nyambu akakataa. Kamati ya maji ya Makwasinyi, kile kijiji kilicho chini ya mlima Kasigau, ilikuwa imeomba chuo kiwasaidie kujua mahali pa kujenga kioski cha maji. Bomba lilikuwa moja, kioski kingekuwa kimoja, nyumba zimetawanyika. Akanipa mimi.

"Mwalimu, Makwasinyi sijawahi kufika."

"Ndiyo maana."

Nikafanya alivyotarajia kila anayenijua: nilikaa kitini. Nilichukua picha ya setilaiti, nikaweka alama kwenye kila paa la bati nililoliona likimetameta, nikachora njia, nikaweka miinuko, nikaiamuru kompyuta inipe mahali ambapo umbali wa watu wote ukijumlishwa unakuwa mdogo kuliko kwingine kote. Ikanipa, ikaweka nukta nyekundu mbele ya geti la nyumba moja katikati ya kijiji. Ramani ilipendeza. Njia zote zilikimbilia ile nukta zimenyooka kama miale ya jua. Nilipoitazama nikamsikia Mzee Righa mgongoni, nikajifanya sikusikia. Lakini Mwalimu hakupokea kazi ya mtu ambaye hajaweka mguu, kwa hivyo nilipanda pikapu ya kamati, tukashuka Maungu, tukakata kuingia Kasigau, vumbi mpaka kwenye meno.

Nyumba yenye nukta nyekundu ilikuwa ya Mama Malemba, mjane mwenye sauti kubwa na kuku wengi. Alinipa kiti kivulini pa nyumba yake, chai, na viazi vitamu, nikaanza kuipenda kazi ya nyanjani. Nilipomwambia maji yatakuja getini kwake alipiga makofi. Nikawasha GPS nikasubiri kuona watu wakipita ile njia yangu iliyonyooka.

Kule wanaoleta maji ni wanaume, kwa sababu chemchemi iko mbali: wanafunga madumu kwenye baiskeli, kwenye punda, siku hizi kwenye pikipiki. Wa kwanza akatokea na baiskeli. Alipolikaribia geti aliteremka, akakata vichakani, akazunguka mbali nyuma ya zizi, akatokezea upande wa pili. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu na punda wake. Hata punda alikuwa ameizoea ile kona. Nikakigonga kile kifaa nikidhani kimeharibika, kisha nikakumbuka ninawaona kwa macho.

"Mama, mbona hawa wanazunguka? Kuna nyoka hapa?"

Mama Malemba alicheka mpaka khanga ikamlegea. "Nyoka ni mimi! Yule wa kwanza kamwoa binti yangu mkubwa. Wa pili ni mdogo wake. Mwenye punda kamwoa kitinda mimba. Watapitaje hapa uso kwa uso na mkwe wao?"

Mimi ni Mtaita, hiyo heshima naijua. Mume wa binti yako hakutani nawe njiani. Akikuona mbele anatoka pembeni, na wewe unajifanya unatazama mahindi. Lakini nilidhani ni mambo ya wazee wetu. "Si nyote mnasali kanisa moja?"

"Tunasali. Wao wanakaa nyuma, wanatoka kwanza. Mabinti zangu wengi wameolewa hapa hapa, mwanangu, na waume zao wana ndugu."

"Sasa kioski kikijengwa hapa, nani atakuja kuchota?"

Akafikiri kidogo, akatazama uwanja wake. "Mimi na kuku."

Nilirudi Voi na tatizo. Ramani yangu ilikuwa sahihi kwa kila kipimo tulichofundishwa. Ningeitoa, wangeipigia makofi, ningebaki mjini kwangu, na Makwasinyi wangejengewa kioski cha kuku. Siku za kuwasilisha zilikuwa zimekaribia. Nilimwendea Mwalimu Nyambu nikamweleza, nikitumaini ataniambia yaache kama yalivyo.

Hakucheka. Akaniuliza, "Umeuliza nyumba ngapi?"

"Hiyo moja."

"Mkwe mmoja ni hadithi, mama. Kijiji kizima ndiyo jiografia. Rudi."

"Nikirudi nitachelewa. Nikichelewa, Marsabit."

"Basi rudi haraka."

Nikarudi. Nilipita nyumba kwa nyumba nikiuliza jambo ambalo hakuna ofisi yoyote iliwahi kuwauliza: binti yako ameolewa wapi, na mume wake hupita njia ipi kwenda majini? Siku ya kwanza walidhani natafuta mchumba wa binti yangu. Siku ya pili walidhani nimetumwa na kanisa kuchunguza ndoa. Mzee mmoja alinikatalia kabisa, akisema wakwe zake bado hawajamaliza kuleta mbuzi wa mahari na hataki jambo hilo liingie kwenye kompyuta. Mama Malemba ndiye aliyenisaidia. Alitembea nami, akisimama mbali na kila nyumba ya mkwe wake na kunisukuma niingie peke yangu. Miguu yangu, ambayo haikuwa imezoea zaidi ya soko na kanisa, ilivimba. Niliifunga kwa leso nikaendelea. Hasira pia ni mafuta. Mimi niliuzunguka mlima Kasigau kwa hasira za Marsabit.

Chuoni, Kevo na mimi tukakaa kuiambia kompyuta mkwe ni kitu gani. Tulikuwa tumefundishwa kuupa mwinuko uzito, kwamba njia ya kupanda inahesabiwa ndefu kuliko ya tambarare.

"Mathe, tumhesabu mkwe kama mlima mkali?"

"Mlima unaupanda. Mkwe huwezi kumpanda."

"Mto basi? Usio na daraja?"

"Mto. Lakini mto kwa wengine tu. Mimi napita pale vizuri, wewe unapita. Mkwewe peke yake ndiye anayeuona."

Kevo akaacha mzaha. Akaanza kuandika, mimi namsomea nyumba, namkosoa, ananikosoa. Ilikataa. Tukarekebisha, ikakataa. Nilipoona amesahau kufunga mabano nilimwonyesha kwa kidole, akaniangalia kama aliyemwona punda akisoma gazeti. Hatimaye ile nukta nyekundu ikaondoka getini kwa Mama Malemba. Ikapita shule, ikasogea, ikatulia kwenye josho la zamani la ng'ombe, ukingoni mwa kijiji. Karibu kila nyumba ilipata safari ndefu kidogo kuliko mwanzo. Lakini kutoka kila nyumba kulikuwa na njia, na hakuna aliyepita mlangoni kwa mkwe wake. Njia zenyewe zilipinda huku na huku kama uzi ulioanguka chini. Ilikuwa ramani mbaya kwa macho. Nilijua Mzee Righa angeipenda.

Siku ya kuwasilisha, watahini walikaa watatu mbele, na bosi wangu alikuwa amealikwa, amekaa pembeni, amenyoosha miguu kama mtu aliyekwisha kuandaa fomu yangu ya uhamisho. Nilipofika kwenye neno mkwe walicheka. Niliwasubiri wamalize.

Mtahini mmoja akasema, "Mama, kazi ni nzuri, lakini vijana wa leo wataacha mambo haya. Baada ya miaka michache kioski chako kitakuwa mbali bila sababu."

"Huenda," nikajibu. "Ndiyo maana wakwe nimewaweka kwenye tabaka lao peke yao la ramani, mbali na njia na miinuko. Siku wakiacha kuogopana, mnalizima kwa kubonyeza mara moja, na kompyuta itawaambia mjenge wapi. Lakini leo hawajaacha. Nimewaona, na punda wao."

Wakaniuliza mengine, ya hesabu, nikayajibu, mengine kwa shida. Kisha Mwalimu Nyambu akawauliza watahini wenzake swali moja tu: ni nani kati yao huketi karibu na mama mkwe wake kwenye harusi? Wakainamia karatasi zao wakaanza kuandika alama. Nilifaulu.

Bosi alinipa mkono nje. "Haya, Marsabit huendi."

"Asante, bosi."

"Ila sasa wewe ndiwe unayejua kuuliza watu. Kishushe wana ugomvi wa njia za mifugo. Jumatatu uko huko."

Mengine mnayajua, maana mengi tulikuwa pamoja. Kishushe nilikwenda, gari likakwama, tukalisukuma. Mghange nilikwenda pia, nikakutana na ule ukungu, ni mzuri kweli. Nimekanyaga kaunti hii mpaka viatu vyangu vikajulikana kwa fundi. Kila nilipoletewa kazi na mmoja wenu, njia zimenyooka zinametameta, niliwauliza lile la Mzee Righa, nanyi mlinichukia, na mlikwenda. Kioski cha Makwasinyi kipo pale joshoni, kuna foleni ya baiskeli asubuhi. Mama Malemba hutuma wajukuu.

Kwa mjukuu mmoja wake ndiko jambo hili lilikonirudia. Saru, yule yule wa viazi, aliolewa na kijana wa Makwasinyi, fundi wa pampu, mtoto wa binti mkubwa wa Mama Malemba. Wakapanga nyumba hapa hapa Voi, nyuma ya kwangu. Barabara ya huyo mkwe wangu ya kwenda kazini kwa pikipiki inapita getini kwangu, ambapo mimi huketi asubuhi kwenye kiti changu, kile cha Mzee Righa, nikitazama dunia bila kuifuata. Sikuwa namwona akipita. Nilidhani anaamka mapema.

Wiki yangu ya mwisho ofisini mlikuwa mmepokea picha mpya ya setilaiti. Nikaikuza nione bati langu, kama mnavyofanya wote mkidhani sioni. Bati lipo, geti lipo. Na kutoka nyumba ya Saru kulikuwa na kamstari kembamba ka rangi ya vumbi ambako hakakuwepo kwenye picha ya zamani. Kanaanza mlangoni kwao, kanakata kiwanja cha jirani, kanazunguka ukuta wangu wote kwa nyuma, kanapita pale ninapomwaga taka, kanatokea barabarani mbali kabisa. Njia ya pikipiki moja. Imeonekana kutoka angani.

Niliitazama, mkaniuliza nacheka nini. Leo nawaambia.

Kesho yake nilikichukua kiti nikakitoa getini, nikakipeleka uani nyuma ya jikoni, ambapo hapaonekani barabarani, ili mtoto wa watu apite njia iliyonyooka. Huo ndio uhamisho pekee niliowahi kuukubali.